Bunduki mpya, baruti ya mwingine: safari ya gumegume kutoka Liège mpaka Lualaba

Katika vijiji vingi vya Maniema, Kivu ya Kusini na Katanga, bunduki ya kushindilia bado haijafa. Wengine wanaiita gobori, wengine gumegume, na kuna sehemu za Kongo inapoitwa pupu kwa sababu ya mlio wake. Ni silaha ya mtutu mmoja, inayotiwa baruti na risasi kwa mdomoni, kisha kushindiliwa kwa ufito mrefu uitwao mdeki. Kijana wa leo aliyezoea kusikia mlio wa Kalachnikov anaweza kuicheka. Lakini ndiyo iliyobadilisha inchi hii kabla ya Mbelgiji wa kwanza kusimamisha bendera kwenye mto Lualaba.

Wazee wanaposimulia habari za wakati ule, wanaanza na vita na watumwa. Mara chache wanazungumzia siku bunduki ilipofika mikononi mwa mwenye mji ikiwa mpya, bado na mafuta ya kiwandani. Aliyeipokea alipaswa kuisafisha, kuipima na kuijaribu kabla ya kuiamini. Siku hiyo ndiyo iliyoonyesha kama amenunua silaha au kipande cha chuma. Siku hiyo pia ndiyo iliyomfunga kwa mtu mwingine, yaani yule aliyekuwa na baruti.

Ilikotoka

Bunduki nyingi zilizoingia Afrika ya kati katika karne ya 19 zilitengenezwa katika miji michache ya Ulaya. Katika Uingereza ulikuwa mji wa Birmingham. Katika Ubelgiji ulikuwa Liège, mji uliojaa wafua chuma tangu zamani, kila familia ikiwa na kazi yake: hawa mtutu, wale mtambo, wengine mti na kitako. Liège ilitengeneza silaha za majeshi, tena ilitengeneza bunduki za bei nafuu za kuuza Afrika.

Mji huo ulijua hatari ya mtutu mbaya. Tangu mwaka 1672, mtawala wake, Askofu Maximilien-Henri, aliagiza mitutu ijaribiwe kabla ya kuuzwa. Mwaka 1810 Napoléon, aliyekuwa akitawala eneo hilo, alitoa amri mpya iliyofanya majaribio hayo kuwa sheria kamili. Mtutu ulitiwa baruti nyingi kupita kiasi cha kawaida, ukalipuliwa, kisha ukakaguliwa. Ukivimba au kupasuka ulitupwa. Ukisimama imara ulipigwa mhuri wa herufi ELG ndani ya duara refu kama yai. Mhuri huo bado unaonekana kwenye mabaki ya bunduki za zamani katika pande nyingi za dunia, Kongo ikiwemo.

Kulikuwa pia na njia ya pili. Kati ya mwaka 1840 na 1870 majeshi ya Ulaya yalibadilisha silaha zao mara mbili. Kwanza waliacha jiwe la gumegume na kuchukua fataki. Kisha waliacha kushindilia kwa mdomoni na kuchukua bunduki za viasi, zinazotiwa risasi kwa nyuma. Kila badiliko liliacha maghala yamejaa silaha za zamani. Wafanyabiashara walizinunua kwa bei ndogo na kuzipeleka pwani za Afrika. Zilishuka Zanzibar upande wa mashariki, na Luanda na Benguela upande wa magharibi. Mwaka 1888, balozi wa Uingereza huko Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika ya Mashariki kila mwaka.

Kutoka Zanzibar zilivuka bahari mpaka Bagamoyo, zikabebwa kwa mabega mpaka Tabora, mpaka Ujiji, zikavuka ziwa Tanganyika, na mwisho zikafika Nyangwe na Kasongo. Safari hiyo ilichukua miezi mingi, mvua na jua.

Namna tatu za bunduki

Si bunduki zote zilikuwa sawa, na waliozibeba walijua tofauti. Ya kwanza ni ya gumegume yenyewe. Nyundo yake inashika jiwe gumu. Ukifyatua, jiwe linapiga chuma, cheche zinaangukia baruti iliyo katika kisahani pembeni, na moto unaingia mtutuni kwa tundu dogo. Ya pili ni ya fataki: nyundo inapiga kikofia kidogo cha shaba kilichovikwa juu ya kifa, na moto unaingia mara moja. Zote mbili, kwa kawaida, mtutu wake ni laini ndani kama bomba.

Ya tatu ni ile yenye mifereji inayozunguka ndani ya mtutu. Inatiwa kwa mdomoni vilevile, lakini risasi yake hutoka ikizunguka kama pia, basi huenda moja kwa moja na mbali zaidi. Zamani ilikuwa taabu kuishindilia, kwa sababu risasi ilipaswa kubana kabisa. Mwaka 1849 ofisa Mfaransa, Claude-Étienne Minié, alileta risasi ndefu yenye shimo kwenye kitako. Inaingia kwa urahisi, na baruti inapolipuka kitako kinatanuka na kushika mifereji. Waingereza walifuata njia hiyo kwa bunduki yao ya Enfield ya mwaka 1853: mdomo wake ulikuwa na upana wa milimita 14.7, risasi ilikuwa na uzito wa gramu 34 hivi, na baruti yake gramu 4.5 hivi.

Lakini risasi ya Minié inahitaji kalibu yake maalum na risasi laini safi. Fataki nazo hazitengenezwi kijijini. Gumegume ya mtutu laini inakula karibu kila kitu: risasi ya duara, vipande vya chuma, hata changarawe. Ndiyo maana katika misitu ya Maniema bunduki mbaya zaidi ndiyo iliyodumu zaidi.

Kuitayarisha

Bunduki ya kushindilia iliyotoka safarini haifyatuliwi siku hiyohiyo. Kazi ya kwanza ni kuhakikisha kwamba haina kitu ndani. Mdeki unaingizwa mpaka chini, unatiwa alama kwenye mdomo, kisha unatolewa na kulazwa juu ya mtutu kwa nje. Ikiwa ncha yake inafika kwenye tundu la moto, mtutu ni mtupu. Ikiwa inaishia kabla, kuna baruti na risasi ya mtu mwingine ndani, na aliyeishika anashika kifo chake mwenyewe. Njia hiyo ni ya zamani na mpaka leo hakuna iliyoishinda.

Kisha inafuata kusafisha. Bunduki za kiwandani zilipakwa mafuta mazito ili zisishike kutu baharini. Mafuta hayo yakibaki mtutuni yanalowesha baruti, na moto haushiki. Yanaondolewa kwa maji ya moto na matambara kwenye ncha ya mdeki, mpaka tambara litoke safi. Tundu la moto linazibuliwa kwa sindano ya chuma au unyoya mgumu.

Kazi ya tatu ni mtambo. Jiwe la gumegume linafungwa katika meno ya nyundo kwa kipande cha ngozi, maana chuma kwa jiwe havishikani: jiwe linateleza au linavunjika. Makali yake yanapaswa kupiga chuma kwa upana wote. Kwa bunduki ya fataki, kifa kinakaguliwa kama hakina ufa, na kikofia kama kinakaa imara bila kulegea. Mtambo unafyatuliwa bila baruti mara kadhaa. Nyundo ikishuka kabla ya kuguswa, bunduki hiyo itamuua mwenyewe au jirani yake kabla ya kumfikia mnyama.

Mwisho ni baruti yenyewe. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa vitu vitatu: shura sehemu 75, makaa 15 na kiberiti cha manjano 10 katika kila mia. Shura inavuta unyevu. Mapipa yaliyopita masika mawili njiani yanaweza kufika yakiwa na baruti iliyoganda kama udongo. Njia rahisi ya kuijaribu ni kuwasha chembe chache juu ya jiwe tupu, mbali na pipa. Nzuri inawaka mara moja na kuacha alama ndogo. Mbaya inaungua polepole na kuacha masizi mengi na matone. Hapo mnunuzi anajua kama pipa lina thamani ya pembe aliyolipa.

Mlio wa kwanza

Mtu mwenye akili haweki mtutu mpya shavuni kwa mlio wa kwanza. Bunduki inafungwa kwenye shina la mti au kulazwa kati ya magogo, na mtambo unavutwa kwa kamba ndefu kutoka nyuma ya mti mwingine. Kwanza inatiwa baruti kidogo bila risasi. Kisha baruti ya kawaida na kizibo cha makumbi au majani makavu. Kisha baruti na risasi. Baada ya kila mlio mtutu unaangaliwa kutoka kitako mpaka mdomo: kama umevimba, kama kuna mstari mpya kwenye chuma, kama moshi umetoka mahali pasipo pake.

Jambo moja linapita yote hapa. Risasi inapaswa kukaa juu ya baruti kabisa. Ikiachwa katikati ya mtutu, pakawa na nafasi tupu kati yake na baruti, nguvu ya moto inagonga hapo na mtutu unapasuka, hata ule wenye mhuri wa Liège. Ndiyo maana mdeki una alama ya pili: inaonyesha mahali unapofika wakati bunduki imeshindiliwa vizuri. Alama ikibaki juu ya mdomo, kazi haijaisha.

Baada ya mlio wa tatu au wa nne, mtu anaweza kuiweka begani. Shabaha nzuri ni mgomba mnene au ukuta wa udongo, maana risasi inaweza kuchimbuliwa tena na kuyeyushwa. Hakuna aliyetupa risasi iliyotoka pwani. Anaanza kwa hatua 30. Bunduki ya mtutu laini kwa hatua 30 inapiga kichwa cha mtu. Kwa hatua 100 inapiga kundi la watu, si mtu mmoja. Baruti inaongezwa au kupunguzwa kidogo kidogo mpaka matundu kwenye mgomba yakaribiane. Kipimo kinachopatikana hukatwa katika kipande cha mwanzi au ncha ya pembe, na mwanzi huo unakaa pamoja na bunduki maisha yake yote.

Kisha maji ya moto tena, tambara kavu na mafuta ya mawese. Masizi ya baruti nyeusi yanavuta maji. Bunduki iliyolazwa usiku mmoja bila kuoshwa, katika unyevu wa Maniema, inaamka na kutu. Bunduki nyingi za biashara hazikuuawa na vita bali na uvivu wa mwenye nazo.

Soko la Nyangwe, 1871

Kazi hii yote ilikuwa na lengo, na historia imetuachia siku moja inayoonyesha lengo hilo lilivyoweza kuwa baya. Tarehe 15 mwezi wa saba mwaka 1871, David Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya Lualaba. Soko lilikuwa limejaa watu kama 1,500, wengi wao wanawake waliovuka mto na samaki, chumvi, kuku na mihogo. Livingstone aliwaona watu watatu wa mfanyabiashara Dugumbe wakiingia sokoni na bunduki, jambo lisilo la desturi. Mmoja wao alibishana na mwenyeji juu ya bei ya kuku. Kisha bunduki zikalia katikati ya watu.

Wanawake walikimbilia mitumbwi. Kundi lingine la wenye bunduki likawafyatulia pale kwenye kijito. Wengi hawakuuawa na risasi: walizama, kwa sababu mitumbwi ilijaa kupita kiasi au kwa sababu waliogelea kuelekea kisiwa kilicho mbali wakishindana na mkondo. Wafanyabiashara wenyewe walihesabu waliokufa kati ya 330 na 400. Livingstone alishindwa kuendelea na safari yake, akarudi Ujiji. Habari alizoandika zilipofika London zilisaidia kumlazimisha Sultani wa Zanzibar, Barghash, kufunga soko la watumwa mwaka 1873.

Wakaaji wa Nyangwe hawakukosa ushujaa. Walikuwa na mikuki na idadi kubwa. Lakini mlio ule, moshi ule, na kifo kinachofika kabla mtu hajakaribia, vilifanya kazi kubwa kuliko risasi zenyewe. Hamed bin Muhammed, mfanyabiashara mashuhuri wa Zanzibar aliyetawala Kasongo baadaye, alieleza mwenyewe kwamba jina lake la Tippu Tip lilitokana na mlio wa bunduki zake, baada ya vita vyake na Nsama wa Itawa mwaka 1867. Mtu aliitwa kwa sauti ya silaha yake. Hilo linatosha kuonyesha ilivyowaingia watu.

Aliyeshika baruti

Lakini bunduki ilimtawala pia aliyeishika. Mfano mkubwa uko Katanga. Msiri, aliyezaliwa Unyamwezi kwa jina la Ngelengwa, alifika Katanga pamoja na Wayeke wake katikati ya karne ya 19. Akiwa na bunduki chache alijenga ufalme, makao yake yakiwa Bunkeya. Alikuwa na shaba, chumvi, pembe za ndovu na, kwa bahati mbaya, watu wa kuuza. Alifanya biashara pande mbili: na wenye misafara wa Benguela upande wa magharibi, na watu wa Zanzibar upande wa mashariki. Vitu alivyovitaka zaidi kutoka pande zote mbili vilikuwa bunduki na baruti.

Hapo ndipo shida ilipo. Wafua chuma wa Katanga walijua chuma na shaba kwa ufundi wa karne nyingi. Waliweza kutengeneza mti uliovunjika na kumimina risasi za shaba. Lakini baruti na fataki ziliendelea kutoka mbali. Kila mlio uliosikika Bunkeya ulikuwa umelipwa kwa pembe au kwa mtu. Ili kupata baruti, ilibidi kuvamia. Ili kuvamia, ilibidi kuwa na baruti. Mwaka 1891 Wasanga waliokuwa chini yake waliasi, na Bunkeya ikaingia taabu ya njaa. Tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka huo, Kapteni Omer Bodson wa msafara wa Stairs, uliotumwa na mfalme Léopold wa Pili, alimpiga Msiri risasi na kumuua. Bodson naye alipigwa papo hapo na mtu wa Msiri, akafa.

Mwaka mmoja kabla, tarehe 2 mwezi wa saba 1890, mataifa ya Ulaya yalikuwa yametia sahihi Mkataba wa Bruxelles. Mkataba ulisema ni wa kupinga biashara ya watumwa. Ndani yake kulikuwa na vifungu juu ya silaha, kwa eneo lote la Afrika kati ya mstari wa 20 kaskazini na wa 22 kusini. Bunduki zenye mifereji na za kisasa zilikatazwa kwa Waafrika. Zilizoruhusiwa, kwa masharti, zilikuwa za gumegume zisizo na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Kwa maneno mengine, Mwafrika aachiwe silaha ya babu yake, na dola ishike ya mjukuu.

Matokeo yalionekana upesi. Katika vita vya 1892 mpaka 1894 kati ya Dola Huru ya Kongo na Waarabu na Waungwana wa Maniema, askari wa Force publique walikuwa na bunduki za Albini, zinazotiwa viasi kwa nyuma. Kwa bunduki ya kushindilia, hata askari aliyefunzwa vizuri hapiti mara tatu kwa dakika, tena akiwa amesimama. Mwenye Albini anajaza akiwa amelala chini, mara nyingi zaidi kwa dakika, na mvua haimzuii. Nyangwe ilianguka mwezi wa tatu mwaka 1893, Kasongo mwezi wa nne. Walioliogopesha soko la Nyangwe kwa mlio wa gumegume walijifunza wenyewe maana ya kukutana na silaha iliyo mbele ya yako.

Iliyobaki mikononi mwa wawindaji

Leo bunduki ya kushindilia inayoonekana kijijini si ya Liège tena. Mara nyingi ni kazi ya mikono: bomba la chuma, mti uliochongwa, mtambo wa chemchemi. Baruti inachanganywa nyumbani, na vichwa vya viberiti vinashika nafasi ya fataki. Mafundi wetu wana ufundi wa kweli. Lakini bomba la maji halikutengenezwa kuvumilia moto, na hakuna anayelijaribu kwa kamba ndefu nyuma ya mti kabla ya kumkabidhi mwindaji. Mlio wa kwanza mara nyingi unapigwa shavuni. Matokeo yake ni vidole vilivyokatika na macho yaliyopofuka.

Sheria ipo: amri-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 mwezi wa tisa 1985 inataka kila mwenye silaha awe na ruhusa. Katika vijiji vya mbali wengi hawaijui, au wanaijua na kuona ofisi iko mbali kuliko msitu. Wazee waliopokea bunduki kutoka kwa baba zao wangeweza kusaidia kwa kufundisha yale machache yasiyohitaji ofisi: kuhakikisha mtutu ni mtupu, kutia alama kwenye mdeki, kutoiweka bunduki mpya shavuni.

Na kwa vijana wanaoitwa kila siku kushika silaha katika mashariki ya inchi hii, historia ya Bunkeya inafaa kusimuliwa polepole. Msiri alikuwa na bunduki nyingi kuliko jirani zake wote. Kitu alichokosa ni uwezo wa kuzilisha bila kumuuza mtu. Anayepewa bunduki bure leo afadhali aulize kwanza ni nani atakayemletea risasi kesho, na atamlipa nini.